Bei ya haki ya Land Cruiser iliyotumika, na thamani ya spea zinazouzwa pamoja nayo

Msomaji wetu wa Wete anataka kununua pikapu ya Toyota Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994 iliyopo Fuoni, Unguja. Kazi yake itakuwa kutoa karafuu mashambani, kupeleka matofali na saruji kwenye ujenzi na, msimu mwengine, kubeba mwani kutoka pwani. Mwenye gari anataka shilingi milioni 38, na katika bei hiyo anatoa pia giaboksi moja, difu moja (gia za katikati ya ekseli), rejeta, seti ya springi na matairi manne, vitu ambavyo dalali anasema peke yake vina thamani ya milioni 9, kwa hiyo gari yenyewe "inaondoka kwa milioni 29 tu". Chake Chake ameonyeshwa Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi kwa milioni 24. Anauliza bei ya haki ni ipi, na mtu asiye fundi ataijua kwa njia gani.

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Milioni 38 haiwezi kuitwa ghali wala rahisi mpaka tujue mambo mawili: gari ya aina hiyo iliyo nzima imeuzwa kwa kiasi gani katika miezi ya karibuni, na hii ya Fuoni inahitaji fedha ngapi ili ifike kwenye uzima huo. Bei ya haki ni ile ya kwanza ukitoa hii ya pili. Hesabu hii inajulikana kila mahali, lakini kwetu visiwani ina sharti moja ambalo madalali hawalitaji, nalo ni kwamba chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari nzima, haimo katika orodha ya vitu vya kutoa. Injini mbovu ina bei yake, giaboksi mbovu ina bei yake, na vyote viwili unaweza kuvikata kutoka katika bei ya gari ukabaki na gari. Chesesi iliyooza hukuachia mkusanyiko wa spea uliofungwa pamoja, na mkusanyiko huo unathaminiwa kwa hesabu nyengine kabisa.

Tuanze na bei za kulinganisha. Bei unazoziona katika matangazo ni bei za kuomba, na pikapu inayotangazwa kwa miezi mitano mfululizo inakuambia tu kwamba hakuna aliyekubali kuilipia kiasi hicho. Unachokihitaji ni bei zilizolipwa. Waulize mafundi wa Mwanakwerekwe na wa Chake wanaozihudumia gari hizi, kwa sababu fundi huwa anajua mteja wake alitoa kiasi gani, na waulize watu watatu au wanne waliouza, si wanaouza. Linganisha zinazolingana: HZJ75 na HZJ79 si gari moja, kwa kuwa HZJ79 ilianza mwaka 1999 ikiwa na koili springi mbele badala ya springi za bapa, na umri wake mdogo peke yake unaipandisha bei. Angalia pia msimu. Pemba, mwaka ambao karafuu zimezaa vizuri, pikapu hutafutwa na kila mtu kwa wakati mmoja, na bei aliyolipa mtu katikati ya mavuno si kipimo kizuri kwa mtu anayenunua wakati mashamba yamenyamaza.

Kabla ya kuigusa gari, soma namba yake. Katika herufi HZJ75, "HZ" zinaeleza injini ya 1HZ, "J" inaeleza kuwa ni Land Cruiser, na 75 ni umbo lake. Kibati kilichopo chini ya boneti kikiandikwa BJ75, gari ilizaliwa na injini ya 3B ya silinda nne, na kama leo ina 1HZ ndani yake, basi mtu ameibadilisha. Kubadilisha injini si dhambi, lakini ni lazima ujue kazi hiyo ilifanywa vipi na kama kadi ya usajili imerekebishwa. Kibati hufungwa kwa skurubu au ribiti na kinaweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi nyengine, kwa hiyo ilinganishe namba yake na ile iliyopigwa kwenye chuma cha chesesi chenyewe, upande wa mbele kulia. Ukikuta pahala hapo pamepigwa msasa, pamepakwa rangi mpya peke yake au pana alama ya kuchomelea, usiendelee na habari ya bei.

Sasa chesesi, na hapa nitakaa kwa muda. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki hata katika siku za jua kali. Chesesi ya Land Cruiser ni chuma cha sanduku kilichofungwa pande zote, na tope lenye chumvi likiingia ndani kupitia matundu yake hukaa humo likila chuma kutoka ndani kwenda nje. Nje panabaki rangi nzuri. Gari zilizovuta boti kutoka majini, zilizopita ufukweni wakati wa maji ya bamvua, zilizobeba samaki wa barafu au mwani mbichi unaochuruzika kupitia mapengo ya bodi, zote huoza zaidi sehemu ya nyuma, nyuma ya magurudumu na juu ya springi. Gari iliyoishi mjini na mashambani tu inaweza kuwa na umri wa miaka 30 na chesesi yake ikalia vizuri chini ya nyundo. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa muuzaji huwa ni kazi gani gari ilikuwa ikifanya, na kilomita za dashibodi naziuliza mwisho, ikiwa nitaziuliza.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi kubwa, ulale chini ya gari au uipandishe kwenye shimo la gereji. Gonga chesesi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkali na nyundo hurudi mkononi, ilhali chuma kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa na nyundo huacha alama. Maeneo ya kukazania ni manne: mahali panapofungwa vishikio vya springi za nyuma, chuma cha kukingama cha mwisho kabisa ambacho hubeba ndoano ya kuvutia, upande wa mbele panapofungwa sanduku la usukani, ambako pia hutokea nyufa kwa gari iliyoteswa kwenye mashimo, na juu ya tangi la mafuta, ambako mkono haufiki na kwa hiyo hakuna aliyewahi kupasafisha. Ukikuta chesesi imepakwa rangi nzito nyeusi ya lami, mpya, inayong'aa, jiulize kwa nini mtu anayeuza gari ameingia gharama hiyo wiki chache kabla ya kuuza. Rangi ya aina hiyo ikipakwa juu ya chuma safi ni kinga nzuri sana, na ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani. Muuzaji mkweli atakuruhusu kuikwangua mahali padogo.

Nyufa na viraka navyo vina madaraja. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri, cha chuma cha unene unaolingana, mbali na vishikio vya springi, nakikubali na kukipunguzia bei. Viraka vilivyopangana, au kiraka kilichopo pale panapobeba springi, sivikubali kwa bei yoyote ya gari nzima, kwa sababu pikapu hii inakwenda kubeba saruji kwenye vilima vya Pemba, si kupeleka watu harusini. Ukiletewa gari iliyotoka katika kazi ya watalii Bara, uliza kama chesesi imerefushwa, kwa kuwa karakana nyingi za Arusha hukata Land Cruiser na kuongeza urefu ili viti vitoshe. Kazi hiyo hufanywa vizuri na pia hufanywa vibaya, na vyovyote iwavyo gari hiyo hailinganishwi bei na isiyokatwa. Hata gari zinazoshuka moja kwa moja kutoka Japani hazina dhamana hapa, maana kaskazini ya nchi ile barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu wakati wa baridi, na nimeona gari zilizo safi ndani ambazo chini yake zilifika bandarini zikiwa tayari zimeoza.

Injini ya 1HZ ni dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na turbo kutoka kiwandani, na ikipewa oili na maji haina ugomvi na mtu. Kinachoiua ni joto. Hedi yake, yaani kichwa cha injini, hupasuka ikichemshwa, hasa ikiwa mtu ameifungia turbo ya pembeni na kuongeza dizeli bila kupima, kwa hiyo turbo iliyofungwa mtaani naihesabu kuwa sababu ya kupunguza bei, hata kama muuzaji anaitaja kwa fahari. Fika asubuhi bila kutoa ahadi ya saa, na weka mkono juu ya boneti. Ikiwa injini imeshawashwa kabla hujafika, rudi siku nyengine, kwa sababu uwakaji wa injini iliyolala usiku ndio unaosema ukweli. Fungua kifuniko cha rejeta ikiwa baridi na utazame kama kuna mafuta juu ya maji au mapovu yasiyokwisha injini ikiunguruma. Moshi mweupe wa sekunde chache asubuhi ni wa kawaida, moshi wa buluu usioisha ni oili inayoungua, na moshi mweusi wakati wa kupanda kilima mara nyingi ni nozeli, pampu ya dizeli au kichujio cha hewa, mambo ambayo yana bei na yanakatika katika hesabu. Mlipe fundi akupimie kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote sita. Fedha hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kukisia, na unachokitafuta hasa ni silinda moja iliyoachana sana na wenzake.

Kuna mkanda wa taimingi pia, ule unaoendesha valvu za injini. Toyota waliweka taa ya kuukumbusha kwenye dashibodi kila baada ya kilomita 100,000, na katika gari nyingi taa hiyo imezimwa, imeungua au imebadilishwa pamoja na dashibodi nzima. Bila risiti ya kubadilishwa, mkanda huo unahesabiwa kuwa umekwisha. Ukikatika njiani valvu hukutana na pistoni, na hapo tena hatuzungumzii mkanda.

Sehemu za kuendeshea nitazipita kwa haraka kwa sababu fundi wako atazijua. Ekseli ya mbele ni ya kipande kimoja, na mwisho wake, pale gurudumu linapokata kona, kuna tufe la chuma linalotakiwa kuwa na utando mwembamba tu wa grisi. Likiwa limelowa uji mweusi wa oili na grisi, sili za ndani zimekwisha na kazi hiyo ina bei yake. Kata kona hadi mwisho kushoto na kulia ukiwa umefunga foo-wili (magurudumu yote manne yakivuta), na usikilize mlio wa kukatika-katika. Jaribio hilo lifanye kwenye mchanga au udongo, kamwe si kwenye lami, kwa kuwa foo-wili ya HZJ75 haina difu ya kati, inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kwenda kasi tofauti, na kwenye lami hujifunga. Mwishoni, panda kilima ukiwa gia ya nne kwa mwendo mdogo na ukanyage mafuta: ikiwa injini inapaa na gari haipai, klachi imekwisha.

Kilomita za dashibodi, rangi mpya na viti vilivyoshonwa upya visikuhamishe hata kidogo. Ngao, winchi, keria ya juu na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi kwenye paa ni mambo ambayo mwenye gari alijinunulia mwenyewe, na yanaongeza bei kwa kiasi ambacho wewe ungeyanunua. Kwa mtu wa karafuu na saruji kiasi hicho ni kidogo sana. Bomba hilo, tena, huulizwa upande wa pili: je, gari ilikuwa ikiingizwa kwenye maji ya namna gani hata ikahitajika?

Tuje kwenye zile spea za milioni 9. Dalali amefanya jambo la kawaida katika biashara hii, nalo ni kuhesabu spea iliyotumika kwa bei ya dukani, kisha kuitoa katika bei ya gari ili gari ionekane rahisi. Thamani ya spea iliyotumika kwako wewe ni kiasi cha fedha itakachokuokolea katika miaka miwili au mitatu ijayo. Mimi nazigawa spea katika makundi mawili. Kuna zinazolika kwa kazi, kama beringi, sili, bushi, breki, mikanda, sahani ya klachi na shokapu, na hizi zikiwa zimetumika siziwekei bei yoyote, maana kazi ya kuzifunga ni ileile na maisha yake yameshaliwa na mwengine. Halafu kuna zisizolika kirahisi, kama nyumba (ganda la nje) ya ekseli, nyumba ya giaboksi, rimu, milango, boneti na vishikio, na hizi ndizo ambazo mtumba mzuri hupata theluthi hadi nusu ya bei ya kitu kipya cha asili. Giaboksi na difu zimo katikati: nyumba ni ya kundi la pili, vya ndani ni vya kundi la kwanza.

Giaboksi unayoongezewa lazima ijulikane ni aina gani, kwani Land Cruiser za 70 zilitoka na giaboksi zaidi ya moja, zikiwemo H55F, H151F na R151F, na hazibadilishani kwa kufungua bolti na kufunga bolti. Ikiwa haifanani na iliyomo kwenye gari, wewe si wa kuitumia bali ni wa kwenda kuiuza, na aliye Wete hana soko la haraka la kitu hicho. Ikiwa inafanana, mwaga oili yake kwenye beseni, pitisha sumaku, na uangalie kama kinachonasa ni unga mwembamba au vipande vya meno. Shika shafti ya kuingilia uitikise. Giaboksi isiyofunguliwa na isiyojulikana ilitoka kwenye gari gani naihesabu kwa bei ya nyumba yake na chuma chake tu.

Difu ni rahisi kuipima na watu wengi hawaipimi. Hesabu meno ya gia kubwa na uyagawe kwa meno ya ile ndogo: meno 41 kwa 10 ni 4.1, meno 43 kwa 10 ni 4.3. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, na ukifunga moja ya 4.1 na nyengine ya 4.3, gari itakwenda vizuri mpaka siku utakayokwama kwenye tope la masika ukafunga foo-wili, na siku hiyo kitu kitavunjika. Kwa hiyo difu isiyolingana na gari yako ina thamani sifuri kwako hata ikiwa mpya kabisa.

Rejeta za zamani ni za shaba, na mapezi yake yakikaa na hewa ya pwani hubadilika kuwa unga. Yabonyeze kwa vidole, na yakimomonyoka, unanunua shaba kwa kilo. Springi zitandaze chini uzilinganishe mkunjo, utazame karibu na tundu la bolti ya katikati kama kuna ufa, na ncha zake kama zimelika zikawa nyembamba. Matairi yasome: pembeni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 3217 ni tairi la wiki ya 32 ya mwaka 2017. Tairi lenye kashata nzuri lakini umri mkubwa halina mshiko wa kutegemewa kwenye gari iliyobeba tani moja. Likipita miaka sita mimi sililipii, ila nalipia rimu yake.

Kwa spea mpya utakazohitaji kununua, bei ya haki hutafutwa kwa namba, si kwa jina la gari. Namba ya Toyota ina tarakimu kumi, tano na tano. Ukiwa nayo unaweza kuuliza maduka ya mjini Unguja na ya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, siku hiyohiyo, na ukajua wanazungumzia kitu kimoja. Beringi ina namba yake iliyochorwa kwenye duara lake, na namba hiyo ni ya kimataifa, hivyo duka la beringi za viwandani linaweza kukuuzia ileile kwa bei ndogo kuliko duka linaloiita "beringi ya Land Cruiser". Majina kama Aisin kwa klachi, Denso kwa vifaa vya dizeli na Koyo kwa beringi ni ya watengenezaji wanaowauzia Toyota wenyewe, na bidhaa zao ndani ya boksi lao huwa rahisi kuliko zilizo ndani ya boksi la Toyota. Bahati mbaya maboksi yote mawili huigizwa. Tazama kitu chenyewe, jinsi maandishi yalivyochorwa na uzito wake, kabla ya kutazama karatasi. Kisha ongeza nauli ya boti na siku za kusubiri, kwa sababu pikapu iliyolala Wete wiki nzima wakati wa mavuno ikisubiri sili kutoka Dar nayo ni gharama, na ndiyo maana spea iliyopo mkononi Pemba ina haki ya kuuzwa juu kidogo kuliko iliyopo Gerezani.

Sasa nikuonyeshe hesabu, kwa takwimu za mfano ambazo utazibadilisha kwa zako. Tuseme umeulizia na umegundua kwamba HZJ75 nzima zimekuwa zikilipiwa milioni 36. Chesesi imepita kwenye nyundo. Fundi amekuta kwamba mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili vitachukua laki 9, klachi laki 8, matairi manne mapya milioni 1.8, sili za ekseli ya mbele laki 7, springi laki 6 na breki laki 5. Jumla ni milioni 5.3. Ongeza laki 4 za kuivusha Pemba na kubadilisha umiliki, na laki 8 za akiba kwa yale ambayo hayakuonekana, maana gari ya miaka 30 haikosi siri. Unapata milioni 6.5, na ukizitoa katika 36 unabaki na 29.5. Zile spea, baada ya kuzipima moja moja, tuseme zina thamani ya milioni 2 kwako. Kikomo chako ni milioni 31.5, na neno lako la kwanza liwe chini ya hapo, karibu na 28. Ukipatana kwa 31 hukumdhulumu mtu wala hukudhulumiwa. Milioni 38 ingekuwa bei ya gari nzima kuliko zile ulizozilinganisha.

Ikiwa chesesi haikupita, acha hesabu hiyo na uanze nyengine. Jumlisha kile ambacho mtu anayekata gari ili auze spea zake angelipwa kwa injini, giaboksi, ekseli mbili, bodi na rimu, kisha toa kazi ya kuikata na miezi ya kusubiri wanunuzi. Kwa Land Cruiser kiasi hicho huwa bado kikubwa, kwa sababu 1HZ nzima haikosi mteja popote Tanzania, na muuzaji anayejua hilo hatashuka chini yake. Nawe usiwe mtu wa kununua spea za kukata ikiwa unachotaka ni gari ya kufanyia kazi.

Kuhusu Defender ya Chake, nitasema machache. Bodi yake ni ya alumini, kwa hiyo hudanganya macho kuliko Toyota: nje inang'aa wakati chesesi, fremu za milango na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria vimekwisha, na pale alumini inapogusana na chuma chumvi huharakisha ulaji. Injini ya 300Tdi ni ya lita 2.5, inatengenezeka na fundi yeyote makini, nayo pia ina mkanda wa taimingi. Foo-wili yake ni ya wakati wote na ina difu ya kati, faraja kubwa kwenye barabara ya tope. Chesesi mpya zilizopakwa zinki hutengenezwa Uingereza, kwa hiyo kinadharia inaokoleka, lakini nauli, ushuru na kazi ya kuihamisha gari nzima juu ya chesesi nyengine vinaweza kuipita milioni 24 ya ununuzi. Tatizo langu na Defender kwa kazi yako ni spea zake: wanaoziweka Pemba ni wachache, na kwa hiyo bei yake ya kukata ni ndogo, maana yake ukikosea hurudishi fedha. Kama chesesi yake ni nzima kabisa, ningeifikiria kwa milioni 18 au 19 kwa mtu aliye na fundi wake wa Land Rover. Bila fundi huyo, iache.

Mwisho ni karatasi, kwani hakuna punguzo la bei linalofidia karatasi mbovu. Namba ya chesesi na ya injini zilingane na kadi, jina la kwenye kadi liwe la anayeuza, na uulize Mamlaka ya Mapato Zanzibar kama gari ina deni. Gari yenye namba ya Bara inayouzwa Unguja, au ya Zanzibar ambayo unafikiria kuja kuiuza Tanga, ina taratibu zake za forodha na usajili, na gharama yake iingie katika hesabu kabla ya kutoa mkono. Gari za umri huu mara nyingi ni za marehemu. Ikiwa ndivyo, usimlipe mtoto mmoja kwa niaba ya ndugu zake. Mirathi ipitie kwanza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakamani, warithi wote wasaini, ndipo fedha itoke.

Nitumie picha za yale maeneo manne ya chesesi, kibati cha chini ya boneti na namba iliyopigwa kwenye chuma, pamoja na matokeo ya kompresheni kwa silinda zote sita. Nikivipata hivyo nitaweza kukuambia kama kikomo cha 31.5 kinabaki pale pale, kinashuka, au gari hii tuihesabu kwa bei ya kukata.